Rangi Mbili za Chumba cha Antonia

Duka la vifaa vya ujenzi la Elirehema lilikuwa upande wa chini wa barabara kuu ya Karatu, ile inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Mwaka huo wa 2002 barabara ilikuwa ikichimbwa kwa ajili ya lami, na kila kilichokuwa dukani, kuanzia misumari hadi mabati, kilifunikwa na vumbi jekundu ambalo mwenye duka alikwisha kukata tamaa ya kulipangusa. Selestina aliingia asubuhi na kikapu chake mkononi, akasalimia, akasema anataka kuona rangi ya pinki.

"Pinki ya kupaka nini, mama yangu?"

"Ukuta wa chumba. Ninataka niione kwanza. Sijasema ninanunua."

Elirehema, mtu wa Meru aliyehamia Karatu kufuata biashara ya loji, alicheka akavuta kopo lililofunguliwa zamani kutoka chini ya kaunta. Kifuniko kilipotoka, rangi iliyokuwa ndani ilionekana kama kitu kilichopotea njia. Ilikuwa waridi kali, ya peremende za watoto.

"Hii ilirudishwa na loji moja huko juu," alisema. "Wageni wao wanataka rangi ya udongo. Nikawaambia, udongo si wanaukanyaga tangu wanaposhuka kwenye gari, hawajatosheka? Chukua hiki kidogo ukajaribu. Chumba cha nani?"

"Cha binti yangu, Antonia. Yule mwalimu wa Digodigo."

"Anaolewa?"

Selestina angeweza kuitikia kwa kichwa tu, mazungumzo yakaisha. Lakini alikuwa na umri wa miaka hamsini kasoro kidogo, na alikuwa amechoka kuitikia kwa kichwa.

"Hapana. Anajifungua."

Elirehema aligonga kifuniko kwa ngumi mpaka kikakaa. "Hongera sana, mama. Unakuwa bibi," alisema, kisha akamgeukia mteja mwingine aliyetaka bawaba.

Selestina alitoka na lile kopo kikapuni na kusimama kidogo barazani, kana kwamba anasubiri magari yapite. Tangu Julai, Antonia alipokuja likizo na kumweleza habari zile jikoni, hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia hongera. Aliambiwa pole. Aliambiwa avumilie. Mwanamke mmoja wa jumuiya alimshika mkono baada ya misa kama anavyoshikwa mfiwa.

Jambo lenyewe inafaa lisemwe waziwazi, maana kwa miaka mingi limekuwa likisemwa kwa mafumbo na wale ambao halikuwaumiza. Katika ukoo wa Hhando, mume wa Selestina, kama ilivyokuwa kwa Wairaqw wengi wa nyanda zile, msichana aliyeshika mimba kabla ya ndoa hakuruhusiwa kujifungulia chini ya paa la baba yake. Ilisemekana kwamba uzazi ule ungeleta kifo nyumbani, ng'ombe wangekauka maziwa na mvua ingekataa kunyesha. Kwa hiyo msichana alitolewa. Alivuka kijito akatafuta mahali pa kuzalia, kwa mjane, kwa wageni, popote ambapo watu wake wasingemsikia akilia. Mwanamume aliyehusika alibaki kwao akila ugali wa moto, wala hapakuwa na mzee aliyewahi kukaa kikao kuuliza kama yeye naye angeweza kukausha ng'ombe. Makanisa, shule na hospitali vilikuwa vimepunguza makali ya desturi hiyo. Havikuwa vimeing'oa. Mwaka huo wa 2002, Antonia akiwa na cheti cha ualimu, mshahara wa serikali na umri wa miaka ishirini na tano, bado palikuwa na watu wazima walioulizana kwa sauti ya chini angejifungulia wapi.

Hospitalini, bila shaka, na hilo lilikubaliwa na wote. Swali lilikuwa angerudi wapi akitoka huko na mtoto wake mikononi. Baba wa mtoto, mwalimu mwenzake, alikuwa amehamishiwa Singida, ambako ilijulikana baadaye kwamba alikuwa na mke tangu zamani.

Hhando hakuwa mtu mkali. Alikuwa mkulima wa ngano na mbaazi, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogondogo, na nyumba yao ya matofali ya kuchoma, njiani kuelekea Buger, aliijenga kwa mikono yake. Hakusema kwamba Antonia asije. Alitoa suluhisho lake Julai ile ile, akiwa mezani.

"Atakaa stoo. Nitaziba matundu. Ina mlango wake wa nje, hatapita sebuleni."

"Stoo ina mahindi na panya," Selestina alisema.

"Mahindi nitayahamisha."

"Na panya?"

Hhando alikoroga uji wake. "Mama Antonia, mimi ninatafuta njia. Dada yangu akisikia mtoto amelala ndani ya nyumba hii, nitamjibu nini?"

"Utamjibu kwamba kuna chumba ndani, kina kitanda na dirisha, na ni cha mwanao tangu alipokuwa darasa la tatu."

Tangu siku hiyo suala hilo lilikaa kati yao kama mgeni asiyeondoka. Selestina alijua mumewe anaogopa nini. Leonida, dada mkubwa wa Hhando, ndiye aliyekuwa sauti ya ukoo. Alikuja mwezi wa Agosti, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama: "Siku mtoto wa namna hiyo atakapolala humu, mimi msinihesabu. Wala hao wengine." Ilimaanisha kwamba hakuna shangazi atakayekuja kumkanda mzazi, hakuna atakayeleta uji, na siku ya ubatizo mabenchi ya upande wa baba yatabaki matupu.

Hhando hakujua, au hakupenda kujua, kile ambacho Selestina alikuwa akikiona kila alipofumba macho. Mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na tisa, Selestina mwenyewe alitolewa kwa baba yake. Alijifungulia ng'ambo ya kijito katika kibanda cha mjane aliyekuwa na huruma lakini hana kuni, majira ya baridi, ukungu ukishuka kutoka msituni mpaka mlangoni. Mtoto, wa kiume, hakufikisha mwezi. Alichokumbuka zaidi, na hakuwahi kumweleza mtu kwa sababu kilionekana kidogo mno, ni ukuta. Mwanamke aliyelala na mtoto mchanga hana pa kutazama isipokuwa ukuta, na ule ulikuwa mweusi kwa masizi, hauna hata ufa wa kufuata kwa macho. Baadaye alitakaswa, wazee wa kwao wakampaka udongo kwenye paji la uso na kwenye tumbo ambalo tayari lilikuwa tupu, akaruhusiwa kurudi. Hhando alimwoa miaka miwili baadaye akijua kutolewa kwake na kifo cha mtoto yule, na hakuwahi kuyataja. Watu walimsifu kwa ukimya wake, kana kwamba ni mahari ya pili.

Ndiyo maana Selestina alitaka kupaka chumba. Kuhusu kwa nini pinki, sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Karatu ukuta mweupe haukai mweupe. Kiangazi kimoja tu na vumbi linaupandisha wekundu kutoka sakafuni hadi magotini, na mwenye nyumba anaonekana mchafu bila kosa lake. Aliona ni afadhali ukuta uwe wa waridi kwa kupenda kuliko kwa kushindwa.

Rangi ya pili aliitengeneza mwenyewe. Alilowesha chokaa kwenye ndoo, akaiacha itulie. Akachimba udongo mwekundu kwenye ukingo wa korongo nyuma ya choo, akauchekecha kwa kitambaa cha zamani, akautia kidogo kidogo akikoroga, kisha akaongeza chumvi ili rangi isiachie kwenye nguo za mtu anayeegemea. Mama yake hakuwahi kukandika nyumba bila kujaribu kwanza kiraka kimoja na kukiacha kikauke, kwa kuwa udongo mbichi humdanganya mtu. Selestina naye alipaka viraka viwili kwenye ukuta wa chumba cha ndani, kimoja kando ya kingine, usawa wa kifua chake, mahali ambapo mkono ulifika bila kuhangaika. Vilikuwa na ukubwa wa sinia. Cha kushoto kilikuwa cha Elirehema, cha kulia cha korongo.

Tangu hapo alianza kuingia mle chumbani kwa visingizio. Jua la asubuhi lilipoingia kupitia dirisha la mashariki, kiraka cha dukani kiliwaka, kikachangamsha chumba kizima mpaka shuka za kitandani zikaonekana kuona haya. Cha udongo wakati huo kilikuwa karibu kama si rangi, kama ngozi ya kiganja. Jioni mambo yaligeuka. Cha dukani kilififia kikaelekea zambarau, kikawa baridi. Cha udongo kilishika mwanga wa mwisho kikawa kama makaa yaliyofunikwa majivu, na chumba kikaonekana kidogo na salama. Siku ya ukungu, viraka vyote viwili vilinyamaza, ila kile cha dukani kilinyamaza kwa uchoyo zaidi. Selestina alisimama katikati, mikono kiunoni, akabadili mawazo asubuhi na jioni. Alikuwa hajawahi kupewa nafasi ya kuchagua kitu kisicho na faida nyingine ila kupendeza, na aligundua kwamba ni kazi.

Hhando alipita mlangoni mara kadhaa. Hakuuliza. Lakini mahindi ya stoo hakuyahamisha.

Leonida alikuja siku moja Selestina akiwa kisimani. Alikuwa amebeba kapu la mbaazi alizotaka kaka yake amhifadhie, na kwa kuwa stoo ilikuwa imejaa, aliliingiza mwenyewe chumba cha ndani. Humo alikaa kitambo. Alipotoka, uso wake ulikuwa umelainika. Alimkuta Hhando uani akinoa jembe, akaketi kwenye kigoda bila kuombwa.

"Kumbe mmeshafanya," alisema.

Hhando aliinua kichwa.

"Mmefanya vizuri, ndugu yangu. Mngeniambia tu, ningekuja. Alama nimeziona. Basi mambo yamekwisha."

Ili kuelewa alichokiona Leonida ni lazima kujua kwamba katika ukoo ule wa kina Hhando, mzee wa utakaso alipomaliza kazi yake hakupaka udongo mwilini kama walivyofanya kwa kina Selestina. Aliacha alama mbili ukutani, usawa wa kifua, za udongo mwekundu na mafuta ya kondoo, moja ya mama na moja ya mtoto, hata kama mama mwenyewe hayupo. Katika mwanga hafifu wa dirisha lililofungwa, Leonida alikuta alama mbili nyekundu ukutani, usawa wa kifua. Hakuwa na sababu ya kufikiria rangi ya nyumba. Nani angepaka rangi vipande viwili halafu aache ukuta mzima?

Hhando alikijua kilichokuwa ukutani. Alinoa jembe lake, akasema, "Karibu chai."

Habari ilifika mnadani kabla ya Leonida. Wiki iliyofuata watu walianza kuja. Binamu wa Hhando alileta kibuyu cha maziwa. Mke wa kaka yake alileta unga wa ulezi wa uji wa mzazi, umesagwa laini. Wanawake ambao tangu Agosti walivuka barabara walipomwona Selestina sasa walimsimamisha wamuulize Antonia anafika lini. Selestina alishangaa, akashukuru, akajilaumu kwa kuwafikiria vibaya. Siku mbili alitembea akiwa mwepesi kama msichana. Kisha yule mke wa kaka, akifunga kanga tayari kuondoka, akauliza kwa upole wa watu wa nyumba moja, "Na kondoo mlimpata wapi, mama Antonia? Siku hizi weusi ni shida."

Ikabidi Selestina aelezwe habari za alama alizoziona Leonida ukutani na za kondoo mweusi wa utakaso, kisha akamsindikiza mgeni mpaka nje ya uzio. Ndipo alipomwendea mumewe.

"Ulimwambia nini dada yako?"

"Sikumwambia kitu."

"Kwa kunyamaza ulimwambia."

Hhando alikuwa akifunga gunia, na aliendelea kulifunga. "Sikiliza. Watu wamerudi. Wewe ulilia kwamba watu hawaji, sasa wanakuja. Kuna ubaya gani? Antonia atalala humo humo unamotaka. Chukua brashi, paka ukuta wote, viraka vipotee. Hakuna atakayejua, wala hakuna aliyesema uongo."

"Wanadhani mwanangu alikuwa uchafu na sasa umeoshwa."

"Wanadhani wanavyodhani. Unga si umeletwa?"

Hili ndilo lililomnyima Selestina amani, kwamba mumewe hakuwa akisema upuuzi. Unga ulikuwa umeletwa kweli. Mtoto huyu angepokelewa, mama yake angekandwa na shangazi zake, mabenchi ya kanisa yangejaa. Kwa kusema neno moja angeweza kuyapoteza yote hayo, na pengine kumrudisha Antonia stoo, maana Hhando alikubali chumba cha ndani kwa sababu tu wengine walikwisha kukikubali. Kwa kunyamaza asingepoteza chochote kinachohesabika. Isipokuwa kwamba Antonia angelala chini ya alama ambayo hakuiomba, na kila aliyekuja kumwona angeitafuta kwa macho. Na siku mtoto angeumwa homa ya kawaida, wangeuliza kama kondoo alikuwa mweusi sawasawa.

Jumamosi aliingia chumbani na brashi mkononi, ndoo miguuni. Antonia alikuwa amefika jana yake, amechoka, miguu imevimba, baada ya safari ya lori kutoka Digodigo hadi Loliondo na kisha basi la kukatisha Serengeti na Ngorongoro, na alikuwa amelala kitandani akielekea ukutani. Selestina alichovya brashi. Rangi ilidondoka sakafuni tone kwa tone. Hakuweza kuinua mkono. Aliirudisha brashi ndani ya ndoo, akaisukuma ndoo kwenye kona.

"Umebadili mawazo?" Antonia aliuliza bila kugeuka.

"Bado ninayafikiria."

"Hii nyumba inafikiri sana," Antonia alisema, akavuta blanketi.

Jumapili baada ya misa walikuja, Leonida mbele na wanawake watano nyuma yake, wote wa ukoo, wamevaa vizuri. Waliketi sebuleni. Antonia alitoka akiwa na gauni pana, akawasalimia mmoja mmoja kwa heshima. Hhando alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango wa nje, kofia magotini. Chai ilimiminwa, maandazi yakazungushwa, na Leonida akasimama.

"Mwanangu Antonia," alianza, "sisi ni watu wako. Tulisikitika, na sasa tumefurahi. Yaliyokuwapo yameoshwa. Umetakaswa wewe na huyo uliye naye, na leo tumekuja kula nawe bila kinyongo."

Antonia alishusha kikombe. "Yameoshwa yapi, shangazi?"

"Hayo yaliyokuwapo."

"Mimi nimeoshwa lini? Ijumaa nimefika na vumbi la kutoka Digodigo, nikaoga kwa ndoo moja. Kuna kingine?"

Mwanamke mmoja alikohoa ndani ya kanga. Antonia alimtazama mama yake. Halikuwa jicho la kulaumu. Lilikuwa la mtu mzima anayeuliza kama kuna jambo linalomhusu ambalo wengine wanalijua na yeye halijui. Selestina aliona kwamba akinyamaza sasa, binti yake ataulizwa na atalazimika kunyamaza vilevile, na ukimya utarithiwa kama ng'ombe.

Alisimama. "Wifi, na nyie wengine, njooni huku chumbani. Chai haitapoa."

Waliingia wakabanana. Selestina alikwenda kwenye kona akavuta lile kopo la Elirehema na ile ndoo. Hakuhutubia. Alichovya brashi kwenye kopo, akapaka ukutani kipande kipya chini ya kile cha kushoto. Akaisuuza brashi kwenye maji, akachovya kwenye ndoo, akapaka kingine chini ya kile cha kulia. Rangi mbichi iliteremka polepole kwenye plasta.

"Hii ya kushoto imetoka kwa Elirehema," alisema. "Ilikataliwa na wenye loji. Hii ni chokaa na udongo wa korongo letu, pale nyuma ya choo. Nilikuwa ninazilinganisha. Hapakuwa na mzee hapa, wala kondoo. Antonia hajatakaswa na hatatakaswa, kwa sababu hakuna kilichomchafua. Na mimi sikuchafuka mwaka ule waliponitoa kwetu nikazalie kwenye baridi, mpaka mtoto wangu akafa. Nimekaa miaka karibu thelathini bila kuyasema haya. Sasa nimeyasema."

Hakumtaja mtoto yule kwa jina, maana hakufikia kupewa. Sauti ya Selestina haikupanda. Wanawake wawili walioolewa katika ukoo ule wakiwa wasichana wadogo walitazama sakafu. Mmoja wao alikuwa na jambo lake ambalo hakuna aliyelijua.

Leonida alikuwa amegeuka kijivu kwa hasira, na kwa aibu pia, aibu ya mtu aliyebeba habari mpaka mnadani.

"Hhando," aliita. "Njoo hapa. Mkeo anasema nini?"

Hhando alikuwa amesimama mlangoni muda wote, bado ameshika kofia. Wote walimgeukia. Nyumba ilikuwa yake, neno lilikuwa lake. Kama angesema stoo, ingekuwa stoo. Selestina alishika ukingo wa kitanda bila kujua.

Hhando aliingia ndani. Aliupita mkono wa dada yake, akafika ukutani, akainama kutazama viraka vyote vinne kwa karibu, vikavu na vibichi. Alikikwaruza kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. Alirudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Hii ya dukani inapiga kelele," alisema hatimaye. "Mtoto hatalala. Mimi ningepaka ya udongo."

Leonida alitazama viraka, kisha akamtazama kaka yake.

"Nimekuuliza habari za rangi?" Leonida alisema.

"Ndicho kilichopo ukutani, dada. Hakuna kingine." Aliigeuza kofia mikononi. "Siku ile ningekuambia. Niliona aibu. Kosa ni langu, si la mama Antonia."

Leonida alijifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Hakutukana. Aliwapita, akatoka kupitia sebuleni, na wanawake watatu wakamfuata, mmoja akigeuka mlangoni kana kwamba amesahau kitu kisha akaenda. Yasisemwe zaidi ya yaliyotokea: Leonida hakuja siku ya kujifungua wala siku ya ubatizo, na ilipita zaidi ya miaka miwili kabla hajakanyaga tena uani kwa kaka yake. Yaliyopotea siku hiyo yalipotea kweli, na Selestina aliyalilia mengine.

Wawili walibaki. Mke wa kaka, yule wa ulezi, alikaa kitandani karibu na Antonia akasema, "Mimi unga wangu sirudishi. Niliusaga kwa mkono." Kisha akaongeza, akitazama ukutani kwa macho yaliyofinywa, "Na shemeji anakosea. Ya udongo itamfanya mtoto aonekane mgonjwa."

"Itamfanya aonekane mtoto," Hhando alisema.

"Jioni inapendeza," Selestina alisema. "Hamjaiona jioni."

"Jioni taa itakuwa imewashwa. Nani anaangalia ukuta?"

"Mzazi anaangalia," Selestina alisema.

Walibishana hivyo, kila mmoja akigusa ukuta kwa kidole, mpaka Antonia alipojiinua kwa kiwiko akauliza kama kuna mtu aliyekuwa na nia ya kumuuliza yeye. Hakuna aliyekuwa na nia hiyo, na walijua.

"Mimi ninataka hiyo ya dukani," alisema.

"Hiyo?" Hhando alistaajabu. "Ya peremende?"

"Hiyo hiyo. Digodigo nyumba yangu ni udongo ndani na nje, madaftari yangu ni udongo, chaki zangu ni udongo. Nimeuona wa kutosha. Ninataka nikifungua macho nione kitu kilichotoka kwenye kopo."

Selestina alikitazama kile kiraka chake cha udongo, ambacho moyoni alikwisha kukichagua bila kumwambia mtu. Kilikuwa kizuri. Alikiacha kiende.

"Basi ni ya dukani," alisema. "Kesho nitakwenda kwa Elirehema kuchukua kopo zima."

Alilichukua, naye Elirehema akaongeza brashi nyingine bila kuulizwa. Lakini Selestina alipovaa kanga kuukuu na kuingia chumbani tayari kwa kazi, alimkuta Hhando amekwisha kupanda juu ya meza ya shule ya zamani, shati amevua, akipaka kwa mikono mirefu ya mtu aliyezoea kupiga plasta. Waridi ilikuwa imemrukia kwenye nywele. Aliinung'unikia kila mara alipochovya, akisema inamuumiza macho, akisema hata loji zina watu wenye akili. Antonia alikuwa kitandani katikati ya chumba, miguu juu ya mto, akimwonyesha alipopasahau.

"Hapa juu ya mlango je?" Hhando aliuliza. Ulikuwa mlango wa ndani, ule unaofungukia sebuleni. "Nipake au niache?"

"Paka, baba," Antonia alisema. "Paka mpaka mwisho."